Universal Carrier ya Vita vya Pili: gari zuri la kufufua, ila usilinunue kwa sikio

Kama unataka kufufua gari la deraya la Vita Kuu ya Pili na huna karakana ya ukubwa wa ile ya jeshi, anza na Universal Carrier, ambayo wengi huijua kwa jina la Bren Carrier. Ni gari dogo la minyororo, wazi juu, lililotokana na vigari vya Carden-Loyd vya kampuni ya Vickers-Armstrongs. Kati ya 1934 na 1960 yalitengenezwa takriban 113,000, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Marekani. Hakuna gari la kivita la deraya lililowahi kutengenezwa kwa wingi huo, na ndiyo sababu mpaka leo linapatikana na spea zake zinapatikana.

Urefu wake ni mita 3.65, upana mita 2.06, na uzito wake likiwa na mzigo ni karibu tani 4. Kifaru Tiger cha Wajerumani kilikuwa na tani 57. Tiger 131, iliyotekwa Tunisia mwaka 1943, inatembea tena huko Bovington, Uingereza, lakini nyuma yake kuna jumba zima la makumbusho na mafundi wake. Carrier hupanda juu ya lori la kawaida la kubebea magari mabovu, na injini yake hunyanyuliwa kwa winchi ya mnyororo ya tani 1.

Kwa urahisi wa injini tunaipa Carrier alama 9 kati ya 10. Kwa upatikanaji wa spea, 8. Kwa bodi, alama inategemea kabisa gari lenyewe: tumeona za 9 na tumeona za 2 zikiuzwa bei moja. Shida ni kwamba wanunuzi wengi hununua kwa sikio. Muuzaji anawasha injini, inanguruma vizuri, mnunuzi analipa. Injini ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kutengeneza. Pesa zinaishia kwenye sakafu, minyororo na magurudumu.

Kwanza ujue unaangalia Carrier ipi. Mk I, Mk II na Mk III zinachangia spea nyingi. T16 ya Marekani inafanana nazo kwa mbali, lakini ni ndefu zaidi, ina magurudumu manne kila upande badala ya matatu, na hukata kona kwa leva za mkono, si kwa usukani. Windsor ya Kanada nayo ilirefushwa na kuongezwa gurudumu. LP2 ya Australia ina bodi ya kuchomelewa badala ya ribiti. Muuzaji asiyejua tofauti hizi atakuuzia sanduku la spea za T16 kwa ajili ya Mk II, na sehemu kubwa ya vitu vya chini havitaingia. Zile zilizobaki mashambani Australia na New Zealand mara nyingi zilikatwa deraya ya juu ili zitumike kama trekta, kwa hiyo hesabu sahani zilizopo kabla ya kujadili bei.

Bodi

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi ndefu, tupa, tochi na kioo cha mkononi. Ng'oa vifuniko vya sakafu, maana chini yake ndiko matope na maji hukaa matundu ya kutolea maji yakishaziba. Sakafu si deraya, ni chuma laini, na huanza kuoza kwenye kona inapokutana na sahani za ubavu. Gonga hapo kwa nyundo, kila baada ya kiganja kimoja. Sauti kali ni chuma kizima. Sauti iliyofifia, chomeka bisibisi. Ikipenya, ipige picha na umwoneshe muuzaji.

Kisha chuchumaa, jicho likiwa usawa wa sahani ya ubavu, uitazame kwa urefu wake. Ukiona imevimba kati ya ribiti na ribiti, kutu imeingia katikati ya vyuma viwili. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyotoka, na nguvu hiyo hung'oa vichwa vya ribiti kimoja kimoja. Hapo hakuna dawa ya kupaka. Vichwa visagwe kwa grainda, ribiti zitobolewe katikati na kusukumwa kwa panchi, sahani zitenganishwe, zipigwe mchanga, zipakwe praima yenye zinki pande zote mbili, ndipo zirudishwe kwa ribiti za moto. Usikate ribiti kwa tochi ya gesi, kwa sababu joto lake huulegeza ugumu wa deraya kuzunguka tundu.

Deraya ya Carrier ina unene wa milimita 7 hadi 10, na ni chuma kilichotiwa ugumu kwa joto. Ipitishie tupa mahali pasipoonekana. Tupa ikiteleza bila kula, ni deraya halisi. Ikila kirahisi, kuna mtu alishabandika chuma cha kawaida. Si dhambi, na kwa gari la maonyesho tunakikubali, lakini bei ishuke na mnunuzi aambiwe.

Kuchomelea deraya ndiko kunakoharibu magari mengi kuliko kutu. Ukitumia elektrodi ya kawaida, pembeni ya mshono hupasuka, mara nyingine kesho yake, gari likiwa limesimama tu. Haidrojeni iliyoingia na ugumu unaozidi chuma kinapopoa haraka ndivyo vinavyopasua. Tumia elektrodi za chuma cha pua aina ya 307 au 312 zilizohifadhiwa pakavu, pasha sahani kufikia nyuzi 100 hadi 150 za Selsiasi, weka mishono mifupi kwa kuruka-ruka, kisha funika blanketi la kuzuia joto ili ipoe polepole.

Vipande vidogo vyenye kutu, kama bawaba, mabano na vishikio, visafishe kwa umeme. Jaza ndoo ya plastiki maji, tia kijiko kikubwa kimoja cha magadi ya kufulia kwa kila lita 4, funga kipande kwenye waya hasi wa chaja ya volti 12 na chuma chakavu kwenye waya chanya. Kutu hudondoka ndani ya siku moja au mbili bila kula chuma kizima. Upande wa chanya usiweke kamwe chuma cha pua, maana hutoa kromiamu yenye sumu kwenye maji. Fanyia kazi hii mahali penye hewa, kwa sababu haidrojeni inayotoka inalipuka. Springi za bogi (fremu zinazobeba magurudumu ya chini) zisiingie humo kabisa: haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na springi hukatika baadaye chini ya mzigo.

Minyororo, bogi na usukani

Hapa ndipo Carrier inapotofautiana na vifaru vingi, na ndipo fundi wa magari ya kawaida hukosea. Ukizungusha usukani kidogo, bomba linalokatiza gari upande hadi upande na kushika bogi za mbele husogea pembeni, mnyororo ukapinda kama upinde, na gari likaufuata mpindo huo. Ukizungusha zaidi, ndipo breki ya upande mmoja hukamata na gari kugeuka kwa nguvu.

Bomba hilo lisipopata grisi kwa miaka, hukwama kwa kutu. Gari litaendelea kukata kona, lakini kwa breki peke yake, na dereva asiyejua atasema usukani ni mgumu tu. Lainingi za breki huungua, dramu hupasuka kwa joto, na difu hubeba mzigo usio wake. Jaribio lake ni rahisi: inua mbele kwa jeki, weka magogo imara chini ya bodi, mtu mmoja azungushe usukani robo, mwingine atazame bogi kutoka pembeni. Bogi zisiposogea, bomba limekwama. Lilowanishe kwa mafuta ya kupenya siku kadhaa, lisukume kwa jeki ndogo kidogo kidogo, na usilipige nyundo, kwa sababu kingo zikivimba halitapita tena kwenye bushi zake.

Mnyororo nao hupimwa, hauangaliwi kwa macho. Uvute ukaze, pima urefu wa viungo kumi kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, kisha linganisha na urefu wa kiungo kisichotumika ukizidishwa kwa kumi. Viungo havirefuki, kinacholika ni pini na matundu yake. Pini mpya kwenye matundu yaliyolika kidogo hurudisha sehemu ya urefu. Matundu yakiwa yamekuwa mviringo wa yai, pini mpya ni kupoteza fedha. Angalia pia meno ya sproketi ya nyuma: yakilika upande mmoja na kuchongoka, yatakula mnyororo mpya kwa muda mfupi. Sproketi na mnyororo vibadilishwe pamoja, la sivyo usibadilishe chochote.

Mkazo wa mnyororo una makosa mawili. Ukilegea sana hupanda juu ya meno na kutoka wakati wa kona. Ukikazwa sana, hauwezi kupinda, na bushi za bomba la usukani ndizo zinazoumia. Mafundi waliozoea matrekta ya minyororo hukosea kwa kukaza.

Magurudumu ya chini yamevikwa mpira mgumu usio na hewa. Mpira wa miaka 80 hupasuka na kubanduka vipande vipande. Viwanda vya kuvisha mpira upya vipo, na kazi ikifanywa vizuri hudumu. Ikifanywa vibaya, mpira wote huchomoka kwenye rimu kama pete gari likiwa mwendoni. Uliza maswali mawili kabla ya kupeleka: rimu itapigwa mchanga mpaka chuma cheupe, na itapakwa gundi ya kuunganisha mpira na chuma siku hiyohiyo? Rimu iliyolala usiku mmoja baada ya kupigwa mchanga tayari ina kutu nyembamba isiyoonekana, na gundi haitashika. Kwa ugumu, sisi huagiza kati ya 65 na 75 kwenye kipimo cha Shore A.

Injini

Ni Ford V8 yenye valvu za ubavuni. Za Uingereza nyingi ni inchi za ujazo 221, karibu lita 3.6; za Kanada ni 239, lita 3.9. Familia hii ya injini ndiyo iliyosukuma pia magari ya deraya ya Marmon-Herrington ya Afrika Kusini, yaliyotoka Kenya kuingia Somalia na Ethiopia mwaka 1941. Na kwa kuwa Wamarekani bado wanaipenda kwa magari ya mbio na ya maonyesho, pistoni, gasketi, beringi na pampu zake zinatengenezwa hadi sasa. Hilo pekee linaiweka Carrier mbele ya magari mengi ya wakati wake.

Injini iliyokwama usiivute kwa trekta. Pete zilizoshikwa na kutu huweza kukatisha konrodi, na valvu iliyokwama ikiwa imefungwa huweza kung'oa meno ya gia ya kamshafti. Toa plagi, mimina mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi otomatiki kwenye kila silinda, acha wiki nzima, kisha jaribu kwa mkono ukiisogeza mbele na nyuma. Isipotii, fungua hedi.

Ugonjwa mkubwa wa injini hii ni joto, na chanzo chake kimo ndani ya bloku. Moshi wa silinda hupita katikati ya bloku, kandokando ya maji, kabla ya kutoka ubavuni. Silinda mbili za kati kila upande hutumia tundu moja. Joto lote hilo huingia kwenye maji. Kwa hiyo uchafu mdogo tu kwenye njia za maji unatosha kuichemsha. Baada ya kufungua bloku, kwangua ndani kwa waya mgumu kupitia kila tundu. Utatoa kutu, na mara nyingi utatoa hata mchanga wa kiwandani uliobaki tangu siku bloku ilipomiminwa. Endelea mpaka maji yatoke safi. Mafundi wengi hubadilisha radieta mbili kabla ya kufikiria hili.

Bloku ikishakuwa safi, na si kabla, itafute nyufa. Zinapotokea ni palepale: kati ya kiti cha valvu na silinda, na kati ya tundu la studi na tundu la maji. Kipimo cha unga wa sumaku huzionesha za juu. Presha ya maji huzionesha za ndani. Ufa mfupi kutoka kwenye tundu la studi unatengenezeka kwa pini za nyuzi. Ufa ulioingia ndani ya silinda unahitaji sleeve, na ukiwa kwenye silinda zaidi ya moja, tafuta bloku nyingine. Usichonge silinda wala kununua pistoni kabla ya kipimo hiki.

Valvu zake hazina skrubu ya kurekebisha. Nafasi hupatikana kwa kusaga ncha ya shina la valvu: inchi 0.010 hadi 0.012 kwa ya kuingiza, 0.014 hadi 0.016 kwa ya kutoa. Ukisaga kupita kiasi hakuna kurudi, kwa hiyo saga kidogo, pima, saga tena. Tapeti za kurekebishika zinauzwa na tunazishauri kwa gari litakalotembea. Kwa gari la makumbusho acha za asili.

Hedi ina studi 24 kila upande, na nyingi zimeingia kwenye maji. Kila uzi upakwe gundi ya kuzuia maji, la sivyo maji yatapanda kwenye nyuzi na utadhani gasketi imekufa. Hedi ya chuma kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu, ukimalizia kati ya futi-pauni 50 na 60. Iwashe mpaka ipate moto, izime, iache ipoe kabisa, kaza tena.

Mpangilio wa kuchoma ni 1-5-4-8-6-3-7-2, silinda 1 hadi 4 zikiwa benki moja na 5 hadi 8 nyingine. Nafasi ya plagi ni inchi 0.025, ya pointi za distributa 0.014 hadi 0.016. Distributa hukaa mbele ya kamshafti na ulimi wake hauko katikati, kwa hiyo ikigoma kuingia izungushe nusu. Usiilazimishe kwa bolti.

Radieta iko nyuma ya dereva, ikivuta hewa kupitia chumba cha mbele. Wenye magari hupenda kupanga masanduku, mahema na vifaa vya maonyesho hapo, halafu wanashangaa injini inachemka. Njia ya hewa iachwe wazi. Wala usiweke kofia ya presha ya gari la kisasa ya karibu baa 1. Mishono ya radieta ya zamani haikuundwa kubeba presha hiyo.

Kwenye mafuta, matenki ni mawili na yote huwa na magamba ya kutu ndani. Petroli yenye ethanoli, kama E10 ambayo ni ya kawaida Uingereza tangu 2021, hula diaframu za zamani za pampu na kuvuta unyevu gari likikaa. Weka diaframu na mipira ya mafuta ya kisasa inayostahimili ethanoli. Pampu ya asili iko mahali pa moto, na petroli hugeuka mvuke ndani yake siku za jua kali. Pampu ndogo ya umeme karibu na tenki hutibu hilo, ila iwe na swichi inayoizima pampu injini inapozimika.

Usalama, spea na rangi

Lainingi za breki, klachi na gasketi za zamani zina asbesto. Zilowanishe kabla ya kuzitoa, usipulize kwa kompresa, zifunge kwenye mfuko mara mbili. Geji zinazong'aa gizani zilipakwa radiamu. Zisifunguliwe wala kukwanguliwa, hata kama zimeacha kung'aa. Na chini ya sakafu risasi nzima bado hupatikana. Ukiona moja, acha hapohapo, ita polisi. Kwa anayefikiria kuileta Carrier Afrika Mashariki, vibali vya polisi, jeshi na forodha vitafutwe kabla ya kulipa, hata kama gari halina bunduki.

Spea mpya za injini kwa jumla ni nzuri. Tusizoziamini bila kuzikagua ni pampu za maji, kwa sababu nyingine huja na bushi zilizobana mno na huvuja mapema. Izungushe kwa mkono: ikikwaruza, irudishe. Sili za mafuta za ekseli ya nyuma badilisha bila kujadili, kwa kuwa zikivuja, oili huingia kwenye dramu, na gari hili likipoteza breki ya upande mmoja linapoteza pia kona ya upande huo.

Rangi ifuate mwaka wa gari. Kwangua taratibu mahali palipofunikwa na mabano kwa msasa wa maji, utaona tabaka. Za mwanzoni mwa vita huwa Khaki Green No. 3, kisha kahawia ya SCC 2 (SCC ni orodha ya rangi za kuficha za jeshi la Uingereza) kutoka 1942, kisha kijani cha SCC 15 kutoka Aprili 1944. Kuipaka Mk II ya 1942 rangi ya jangwani kwa sababu tu inapendeza ni kulifutia gari historia yake.

Siku ya kwanza ya kulitembeza, usipite kilomita 5. Simama, gusa kila kitovu cha gurudumu na kila dramu kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa na moto kuliko wenzake, beringi imekazwa mno au breki inakamata. Kaza upya bolti za sproketi, pima tena mkazo wa minyororo, maana pini mpya hukaa vizuri ndani ya mwendo huo. Linapoegeshwa, zibua matundu ya sakafu kwa waya, na turubai lifungwe likiwa limeinuliwa katikati ili maji ya mvua yasituame juu yake na kuingia ndani.